Jicho Nililowaazima

Juma lililopita niliwaacha nikicheka mbele ya kamera. Leo nawaeleza kicheko kile kilimwangukia nani.

Kwa aliyefika leo, sogea, hujachelewa. Mimi ni bibi wa miaka sitini na mbili. Miaka ishirini na nane nilikaa kwenye meza ya ukaguzi katika kiwanda cha kushona sare za wauguzi. Kila vazi lililotoka kwenye cherehani lilipita kwangu kabla ya kwenda kwa wapiga pasi. Naligeuza nje ndani, napitisha kidole cha shahada: kola, bega, kwapa, mfuko, pindo, vifungo. Kidole kikikwama, pana kosa. Waliniita Bi Jicho, ingawa kazi kubwa ilikuwa ya kidole.

Mwanangu wa pekee alifariki miaka minne iliyopita. Mke wake hakurudi kwao. Alibaki na mimi katika vyumba vyetu viwili, na kiwandani cherehani yake ilikuwa ya tatu kutoka dirishani, mbele ya meza yangu. Watu wakisema mkwe, mimi nasema binti.

Tulikuwa na siri moja pale kiwandani. Nikikuta kosa dogo, sikuliandika daftarini. Nilifunga uzi mwekundu kwenye tundu la kifungo cha juu, nikalipitisha vazi chini ya meza hadi kwa aliyelishona. Anarekebisha, anautoa uzi, analirudisha. Hakuna aliyeaibika. Mzee mwenye kiwanda alijua na akajifanya hajui. Sare zilitoka salama, alitaka nini zaidi?

Kisha mzee akafa, watoto wake wakauza kiwanda, akaja meneja mpya. Huyu neno "mfanyakazi" lilimkera kama mchanga kwenye wali. "Ninyi si wafanyakazi," alituambia siku ya kwanza, "ninyi ni washirika." Kabla jua halijazama tulikuwa tumeshampa jina. Bwana Mshirika.

Bwana Mshirika ndiye aliyeniomba nikae wiki tatu ofisini kwake mbele ya kamera, mlango umefungwa, nieleze kazi yangu kosa kwa kosa, ili mashine mpya ijifunze kukagua.

"Mama, hili umejuaje kama ni bovu?"

"Kidole kimeniambia."

"Na limeshonwa na nani?"

"Na mama yule mfupi wa karibu na mlango."

Akacheka. "Hapo unanitania. Mtu hajulikani kwa mshono."

Hapo ndipo aliponitia ndimu. Nikamwambia alete mavazi kumi, afiche namba. Kumi yote nikamtajia wenyewe. Mshono una mwandiko wake kama barua. Yuko anayebana, yuko anayelegeza, yuko anayekimbia mwishoni kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Akanivika kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa kinikae vizuri.

"Na huu mfuko?"

"Huu wa mkwe wangu. Ni wa mkono wa kushoto. Akifika mwisho hurudisha mshono mara tatu, halafu wa mwisho unalala upande, kama mkia wa mbuzi." Na nikacheka.

"Naye hupata ule uzi mwekundu?"

Ndiyo, uzi nao nilikuwa nimeshamsimulia. Ulimi hauna mfupa.

"Tangu afiwe, siku tatu katika tano," nikasema, bado nacheka. "Kiwiko kinamsumbua. Lakini tunamalizana wenyewe."

Bwana Mshirika hakucheka. Alikuwa anaandika.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

Jumatatu tulikuta kamera imening'inizwa juu ya meza yangu, na cherehani zote zimefungwa turubai. Tukasimamishwa uani. Kuanzia siku ile, akasema Bwana Mshirika, hakuna kuja kiwandani. Kila mshirika atapewa namba, atachukua vitambaa vilivyokatwa, atashonea kwake kwa cherehani yake, ataleta, na mashine itakagua. Atakayependwa na mashine atapewa vitambaa zaidi.

"Na asiyependwa?" akauliza Fundi Kola. Huyu ni rafiki yangu wa miaka mingi, aliyeshona kola tupu tangu akiwa msichana.

"Hakuna asiyependwa, mama. Kuna anayeendelea na asiyeendelea."

"Hata mume wangu wa kwanza alinipa maneno kama hayo," Fundi Kola akasema, "na nikaondoka na begi langu."

Watu wakacheka. Simu zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, kila mtu akipokea namba yake. Mkwe wangu akaja nilipo, ameinyoosha simu kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

"Mama, nisomee hii. Labda sijaelewa."

Nikaisoma. *Asante kwa mchango wako. Ushirika wako hautaendelea.* Basi. Hakuna jina la aliyeandika.

"Maana yake nimefukuzwa?"

"Haijasema kufukuzwa."

"Imesema nini basi?"

Nikamrudishia simu.

Akaenda kwa Bwana Mshirika. Nilimwona akiongea kwa upole, mikono nyuma. Bwana Mshirika akatikisa kichwa, akamwonyesha simu yake mwenyewe, akasikitika vizuri sana.

Alirudi amekauka. "Anasema si yeye. Anasema ni mfumo. Zamani ukifukuzwa unaitwa, unaketi, unaambiwa. Hata ukitukanwa, unatukanwa na mtu, na wewe unamtukana. Mimi hii nimjibu nani?"

Nyumbani akavua aproni yake ya kazi, akaikung'utia mezani. Chaki kipande, sindano tatu, kitambaa cha kufutia jasho. Na mpira wa nyuzi nyekundu, mkubwa kama ndimu.

"Hizi ni nini?" nikauliza, ingawa nilishaona.

"Zako. Kila uliponirudishia vazi, uzi sikuutupa. Nilikuwa nasema hizi ni salamu za mama." Akauzungusha ule mpira kwenye kiganja. "Kitu kimoja sielewi. Siku mashine imeanza, ndiyo siku iliyonikataa. Haijaona hata mshono wangu mmoja. Imejuaje makosa yangu? Uzi mwekundu tulijua sisi tu."

Ningesema wakati ule. Mlango ulikuwa wazi, neno lilikuwa kooni.

"Labda mtu kasema," nikajibu.

"Mtu gani?"

"Watu ni wengi."

Akatikisa kichwa, akauweka ule mpira ndani ya kopo langu la vifungo. "Mungu amlipe," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo zenyewe tulizishona sisi.

Mimi nilidumu wiki mbili zaidi. Kazi yangu ilikuwa kusimama pembeni na kuitazama mashine ikitazama. Ijumaa ya pili nikaitwa ofisini, nikapewa soda na fremu.

"Mama, umestahili kupumzika," akasema Bwana Mshirika. "Jicho lako sasa limo ndani ya mashine."

Nikasoma cheti. Kiliandikwa *Mshirika wa Kudumu*, kwa herufi za dhahabu.

"Mtu wa kudumu anakwenda wapi na fremu yake, mwanangu?"

"Nyumbani, mama."

Nilikisukuma uvunguni mwa kitanda, uso chini.

Siku chache baadaye mkwe wangu akaniambia amepata kibarua kwa fundi mmoja wa mapazia, upande wa pili wa soko. Alikuwa akitoka asubuhi na mkasi wake mfukoni na kurudi saa kumi jioni, amekishika kile kiwiko. Nilimwuliza huyo fundi ni mtu wa namna gani. "Mtu wa maneno mengi," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. Nikashukuru Mungu, nikafikiri labda kosa langu limepita kama maji chini ya daraja, halitarudi.

Fundi Kola alikuja kunijulia hali. Hakukaa vizuri, alikaa kwenye nusu ya kiti, kama mwenye haraka.

"Dada, ushirika umenoga," akasema. "Umeme wangu, cherehani yangu, mgongo wangu. Wao wametoa neno tu. Jana mashine imenikatalia kola ishirini. Unajua kosa? Kivuli. Kola ilipigwa picha karibu na dirisha, ikaonekana ina mstari. Umri huu wote, dada, sasa nashona vivuli."

"Na wewe ulimwambia nani?"

"Niliiambia simu. Ikanijibu maoni yangu ni muhimu."

Alipoondoka hakuniaga mlangoni kama kawaida yake. Nilidhani ni uchovu.

Kesho yake, mgeni wangu alikuwa Bwana Mshirika mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti alichokuwa akikaa marehemu mwanangu. Sikumwambia.

"Mama, mashine inakosea," akasema. "Inakataa nzuri, inapitisha mbaya. Hospitali moja imerudisha mzigo mzima, makwapa yameachia."

"Si ina jicho langu ndani?"

"Jicho lipo. Kidole hakipo."

Akanieleza anachotaka. Picha zitaingia kwenye simu yangu, moja moja. Nikiona vazi ni zima, nibonyeze kijani. Bovu, nyekundu. Kila picha ina sekunde zake. Zikiisha kabla sijajibu, mashine hujibu yenyewe kwa inachokijua.

"Nitafanya," nikasema, "lakini mkwe wangu arudishwe."

"Hilo linaamuliwa na mfumo, mama."

"Huyo mfumo anakaa wapi? Nivae viatu nikaongee naye."

"Si mtu."

"Na wewe je?"

Akatazama soksi zake. Moja ilikuwa imetoboka kidoleni, na hakuna aliyeishona. "Mimi nami ni mshirika, mama. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Huu unaisha mwezi ujao." Akainua macho. "Fanya vizuri. Nitalipeleka jina lake juu. Naapa."

Ninaungama. Nilikubali. Nilijiambia nafanya kwa ajili yake, na kweli nilifanya kwa ajili yake. Lakini pia, alipotamka kwamba kidole hakipo, kitu kilicheka moyoni mwangu. Nilifurahi kwamba wamenikosa.

Sikumwambia mkwe wangu. Ningemweleza nini, kwamba nimerudi kwa waliomtoa? Akishatoka asubuhi, nakaa kwenye kigoda mezani, karibu na dirisha, na kufanya kazi. Ikikaribia saa kumi, simu naificha ndani ya kopo la vifungo, juu ya ule mpira mwekundu.

Kazi yenyewe haina ladha. Picha haina mgongo. Nilikuwa napitisha kidole kwenye mshono, kinateleza kwenye kioo, na mara nyingine vazi lilikimbia upande kabla sijaliona. Nilijifunza kukaza macho. Kijani, kijani, nyekundu, kijani. Hakuna majina, namba tu chini ya picha. Hakuna wa kumfungia uzi. Mwenye nyekundu tatu, namba yake hufungwa, na mimi sijui nimemfungia nani.

Wiki ya tatu, Alhamisi, saa nane mchana, ukaingia mfuko.

Mfuko wa kifuani, kitambaa cha buluu. Mshono umenyooka kama mstari wa daftari. Kwenye kona umerudi mara tatu, na ule wa mwisho umelala upande.

Mkia wa mbuzi.

Nikaisogeza simu dirishani. Nikatazama namba. Namba ile niliijua, Fundi Kola alikuwa ameiandika kwa chaki kwenye kifuko chake cha mkasi asiisahau, nami niliisoma siku alipokuja kunijulia hali. Fundi Kola, ambaye hajashona mfuko tangu ubinti wake.

Mambo yakapangika yenyewe kichwani. Fundi wa maneno mengi. Nusu ya kiti. Hapakuwa na mapazia wala soko. Mkwe wangu alikuwa akienda kwa rafiki yangu kila asubuhi, anashona kazi ileile ya kiwanda kilekile, kwa namba ya mwingine. Na wote wawili wakanificha mimi, wasinitie wasiwasi.

Nikautazama ule mfuko tena. Ulikuwa mzuri. Kiwiko kile kibovu, na ameshona mfuko ambao hata mimi nisingeufungia uzi. Machozi yakanilenga. Nikabonyeza kijani, na nikabonyeza kwa nguvu, kama ninayempigia makofi.

Picha haikuondoka.

Chini yake likatokea swali ambalo sikuwahi kuliona. *Baadhi ya washirika hushonesha kazi kwa watu wasio na namba. Je, unamtambua aliyeshona vazi hili?* Vitufe viwili. Ndiyo. Hapana. Na juu, sekunde sitini zinashuka.

Hapo nikaelewa kwa nini Bwana Mshirika alivua viatu mlangoni kwangu. Makwapa hayakuwa shida yake. Mashine ingeweza kufundishwa makwapa. Alichokihitaji ni bibi aliyemtajia watu kumi katika mavazi kumi. Sikuitwa kukagua mishono. Niliitwa kukagua mikono.

Nikisema ndiyo, namba ya Fundi Kola inafungwa, na wote wawili wanakosa kazi kwa kidole changu. Nikisema hapana, basi.

Nikalipeleka gumba kwenye Hapana. Kioo kinateleza. Gumba likagusa chini zaidi, kwenye kijipicha kidogo ambacho nilidhani ni pambo. Kikafunguka, kikajaa kioo kizima.

Mikono. Mikono ya kizee, kidole cha shahada kimelazwa juu ya mfuko wa buluu. Na sauti ikatoka, kubwa, ikajaza chumba.

"Huu wa mkwe wangu. Ni wa mkono wa kushoto. Akifika mwisho hurudisha mshono mara tatu, halafu wa mwisho unalala upande, kama mkia wa mbuzi."

Kisha kicheko.

Kumbe jibu langu walikuwa nalo tangu zamani. Nikisema hapana, nimejikana mwenyewe mbele ya sauti yangu. Nikinyamaza, mashine itajibu inachokijua, na inachokijua nilikifundisha mimi.

Nikaminya, nikaminya, video haizimi. "Siku tatu katika tano," bibi yule wa ndani ya simu anasema, anacheka. "Kiwiko kinamsumbua."

"Mama."

Sikuwa nimesikia mlango. Mkwe wangu alikuwa amesimama kizingitini, mkoba begani, mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani. Alirudi mapema. Kiwiko kilikuwa kimevimba hadi mkono wa blauzi umembana.

Video ikaisha. Ukarudi mfuko wake, na swali, na sekunde. Ishirini na sita.

Akaja taratibu, akainama juu ya bega langu, akasoma. Alisoma yote, mpaka namba. Nilisikia pumzi yake sikioni.

"Hicho kicheko ni chako?"

"Binti yangu."

"Nimeuliza kicheko, mama."

"Ni changu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliweka mkoba chini, akaenda rafuni kwenye kopo la vifungo, akaufunua mfuniko, akautoa ule mpira wa nyuzi nyekundu. Nilidhani atanirushia. Akaupitisha chini ya meza, kimyakimya, kama nilivyokuwa nikimpitishia yeye vazi lenye kosa, akauweka mapajani pangu.

Halafu akavuta kiti cha mume wake, akakaa mbele yangu, macho kwa macho.

Simu ilikuwa imebakiza sekunde nane. Yeye hakuitazama. Alikuwa akinitazama mimi, akingoja nirekebishe.